Vijiko vya Ami

Miaka ya 1980 pale Jomvu Kuu, mvuvi akipotewa na kijiko baharini habari ilifika msikitini kabla yake. Sisemi kijiko cha chai. Nasema kile kipande cha madini kinachong'aa, chenye ndoana mkiani, kinachoburutwa nyuma ya hori hadi kolekole au mzia akidhani ni kisamaki kinachotapatapa. Ami yangu alikuwa navyo vichache. Alivipata zamani, alipokuwa baharia kwenye mashua zilizokuwa zikipeleka watalii kuvua kule Mtwapa. Wageni wakirudi kwao, wengine walimwachia. Alichokienzi zaidi kilikuwa Toby, kazi ya kiwanda cha Abu cha Uswidi: kirefu, chembamba, kina vipezi viwili vidogo upande wa ndoana.

Kupata kingine kama hicho haikuwa rahisi. Siku hizo fedha za kigeni zilitolewa kwa kibali, na mwenye kibali alileta vipuri na dawa. Ndoana za kawaida na mishipi ya nailoni ulipata mjini, bei ikipanda kila ukirudi. Vijiko, labda umjue mzungu. Basi Toby ilipong'ang'ania mizizi ya mikoko na mshipi ukakatika, Ami alikaa kimya mpaka tukafika pwani, kisha akasema, "Lete tupa."

Aliyeufikia mji wetu kwa barabara kuu ya Nairobi huenda asijue kwamba uso wa Jomvu Kuu uko majini. Mkono wa bahari unaingia kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, unapita Tudor, unajipenyeza kwenye mikoko hadi kwetu; ndiyo njia ya maji iliyokuwa ikitumiwa kwenda Rabai enzi za wamisionari Krapf na Rebmann, walioweka makao yao huko mwaka 1846. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, samaki wadogo huingia kwenye mizizi ya mikoko, na wakubwa huwafuata. Hapo ndipo tulipokuwa tukirambaza: mimi na kafi mbele, Ami nyuma, mshipi umepita juu ya kidole chake cha shahada.

Kidole kile ndicho kilichokuwa hakimu. Kijiko kizuri kikivutwa hupepesuka huku na huku, na mtikisiko wake hupanda kwenye mshipi hadi mkononi. Kisipotikisika, umeburuta takataka.

Tulianza na mkebe wa Kimbo. Bati hukatika kwa mkasi na likisuguliwa majivu na ndimu hung'aa vizuri, lakini ni jepesi mno: lilielea karibu na uso wa maji, na baada ya siku chache lilishika kutu. Ukaja mfuniko wa sufuria. Alumini haishiki kutu namna ile, ila nayo haina uzito, na mzia wa kwanza aliiuma akaikunja. Jirani alileta kijiko cha chuma kisichoshika kutu. Kwa macho kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kukitoboa, hata hivyo, msumari ulipinda, tukalazimika kukipeleka kwa fundi wa Mikindani aliyekuwa na mashine. Na kilipoingia majini kilizunguka kama feni, kikausokota mshipi wote hadi ukawa mafundo.

"Hichi chazunguka tu, mwanangu," Ami akasema. "Hakitezi."

Hapo nilielewa alikuwa akitafuta nini. Mng'ao wowote ulimtosha, hata wa shaba iliyofifia; kwenye maji yetu ya tope alidai shaba ni bora kuliko fedha, na sijawahi kumbishia. Alichotaka ni uwiano wa uzito na mkunjo. Kipande kizito na bapa huzama moja kwa moja. Chepesi na chenye kina kama upawa huzunguka. Kati ya hivyo viwili kuna mkunjo mdogo tu, na tundu la mbele sharti liwe karibu kabisa na ukingo, la sivyo kijiko hukosa nafasi ya kuyumba.

Jibu lilitoka relini. Mzee mmoja wa mtaani, mstaafu wa gari la moshi, alikuwa na vijiko vizito vya mezani vyenye herufi E.A.R. & H. mpinini, vya lile Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Sikuuliza vilifikaje kwake. Madini yake yalikuwa laini kuliko ya kile cha jirani, na mazito. Ami alikata mpini kwa msumeno wa chuma, akalaza bakuli la kijiko juu ya gogo la mkoko na kuligonga kwa nyundo ya mbao, kidogo, akiliinua kila mara kulitazama kwa ubavu. Ukingo akaupiga tupa. Pete za funguo zikawa viungo. Ndoana ya mikono mitatu hatukuwa nayo, akafunga mbili za kawaida mgongo kwa mgongo. Mbele akaweka uzi mmoja wa waya aliouchomoa kwenye breki ya baiskeli, kwa ajili ya meno ya mzia.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu Julio Buel wa Vermont, Marekani, aliyepata hataza ya kijiko cha kuvulia mwaka 1852. Husimuliwa kwamba kijiko chake cha chakula kilimponyoka ziwani, samaki akakirukia, naye akaenda kukata kingine. Kumbe tulichokiita cha kubabaisha ndicho kilichotangulia. Toby na wenzake ni wajukuu.

Ami asingejali. Kile cha reli alikijaribu siku ya maji mafu, maji yalipotulia na kuonyesha chini: akakiangusha kando ya hori, tukakitazama kikishuka, kikienda kushoto, kikienda kulia. Jioni ileile kilileta kolekole wawili.

Udhibiti wa fedha za kigeni uliondolewa miaka ya 1990, na vijiko vya dukani vikaanza kuonekana tena, vingi vyepesi, rangi ikibambuka upesi. Lakini kabla ya hapo Ami alikuwa amepata wateja. Vijana walikuja na vijiko mifukoni, wakilipa kwa samaki, na hakuna aliyesema amekitoa wapi. Shangazi akaanza kuhesabu vyake baada ya kila arusi. Seti ile aliyoletewa kutoka Maskati aliifungia kabatini, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Sisi wa nyumbani tulikoroga chai kwa vijiko vya plastiki.