Goma: Mama aliyekimbia vita auza mashini yake ya kushona kwa mnada wa simu

Katika kata ya Majengo, mjini Goma, mama mmoja aliyekimbia vita huko Masisi alikaa siku tatu akiangalia mashini yake ya kushona kabla ya kuamua kuiuza. Ni kitu pekee cha bei alichofika nacho, kikiwa kimefungwa nyuma ya pikipiki. Lakini mwenye nyumba alikuwa anadai dola 40 za miezi miwili, na wateja hawakuwepo tena. Watu wanatafuta unga kwanza, nguo mpya baadaye.

Katika soko la Virunga, mfanyabiashara mmoja alimpa bei ya dola 30. Alijua kwamba mtu aliyehama hana nguvu ya kukataa.

Ni kijana wa jirani aliyemwonyesha njia nyingine: kundi la WhatsApp ambamo vitu vinauzwa kwa mnada. Muuzaji anaweka picha na bei ya kuanzia, kila anayetaka anaandika bei yake, na saa ikifika, aliyetoa zaidi anachukua.

Mama hakuweka picha siku ileile. Kwa siku mbili alifuata bei ambazo mashini zingine zilimalizikia, sio bei ambazo wenyewe walikuwa wanaomba. Aliona dola 60, 65, hata 80. Kisha akapiga hesabu yake: dola 40 za nyumba, dola 15 za kuanza biashara ya makala. Jumla ni 55. Chini ya hapo, mashini inabaki nyumbani. Bei hiyo hakumwambia mtu.

Picha zilipigwa asubuhi, nje, kwenye mwanga. Meza ya mashini ilikuwa imeungua upande mmoja, na kijana alitaka kuficha upande huo. Mama alikataa: « Mtu akikuja na akute hilo, atakata bei mbele yangu, na mimi nitakubali kwa sababu ya shida. »

Hata minada mikubwa ya intaneti ilianza hivyo. Mwaka 1995, huko Marekani, Pierre Omidyar alianzisha mnada ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama anajua kuwa ni mbovu. Mnunuzi alijibu kwamba anajua, na ndiyo anayotaka. Kasoro ikisemwa mapema, haileti ugomvi.

Mnada ulianza kwa dola 35, mwisho ukawekwa Jumamosi saa kumi na mbili za jioni, wakati watu wametoka kazini. Bei ilipanda: 40, 48, 55, 62. Kijana alitaka kuingia na nambari nyingine ili aisukume zaidi. Mama akamkatalia. Huo ni udanganyifu, na wengine wakiacha, utakuwa umenunua mashini yako mwenyewe.

Dakika za mwisho, mtu mmoja aliandika 70. Mara moja akapiga simu: pesa ameshatuma, na mwenye pikipiki yuko njiani kuchukua mashini. Ujumbe ukaingia: « Umepokea dola 70. » Nyumbani watu wakaanza kushangilia.

Mama aliangalia ujumbe ule tena. Ulitoka kwenye nambari ya kawaida, kama ya mtu yeyote. Alipofungua akaunti yake ya pesa za simu, hakukuwa na kitu kilichoongezeka. Simu ikalia tena: « Mama, nipe kodi yako ya siri nikusaidie kuifungua hiyo pesa. » Akakata simu. Mwenye pikipiki alirudi mikono mitupu. Naye alikuwa ameitwa kwa simu tu, hamjui aliyemtuma.

Usiku ule mama hakulala. Asubuhi alimwandikia aliyetoa 62, mshonaji wa kata ya Himbi, na huyo alikubali.

Walikutana mchana, mbele ya kanisa, pamoja na mkubwa wa nyumba kumi. Mshonaji alijaribu mashini kwa kushona kipande cha kitambaa. Waliandika karatasi ya kuuziana, yenye nambari iliyochongwa kwenye chuma, kwani aliyekimbia hana risiti na mnunuzi anaogopa mali ya wizi. Dola 40 zilipita kwa simu, na mama aliangalia salio kwanza. Zilizobaki zilikuwa noti. Ile ya dola 20 ilikuwa imepasuka pembeni. Aliirudisha, kwa sababu Goma hakuna atakayeipokea. Mshonaji alitoa nyingine.

Katika mji ambamo benki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, simu ndiyo benki ya familia nyingi, na matapeli wanalijua hilo. Wanajua pia kwamba mwenye shida ana haraka. Mama huyu aliokoa mashini yake kwa dakika mbili za kuangalia salio.

Nyumba imelipwa. Dola 22 zilizobaki zimenunua makala, anayoiuza mbele ya mlango. Katika kundi lile bado yumo, anafuata bei za mashini. Siku moja anataka kununua. Bei ambayo hataipita ameshaiandika nyuma ya ile karatasi ya kuuziana.