Ukitua Durban, Usihesabu Treni

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja huku, karibuni sana. Lakini jamani, msipige hesabu za treni. Uwanja wa King Shaka, uliofunguliwa Mei 2010, uko La Mercy, kilomita kama 35 kaskazini mwa mji, na treni ya abiria haifiki. Gautrain ni ya Johannesburg na Pretoria.

Ukiunganisha Johannesburg, pasipoti inagongwa hukohuko, mizigo unaichukua na kuikabidhi upya. Mdogo wetu mmoja alikosa ndege ya pili, akatua huku usiku wa manane; hela yake ya wiki ikaishia kwenye teksi. Nilimfungulia mlango, hata salamu ilimshinda.

Sisi wa uhandisi daraja hatulijengi kwa uzito wa lori moja, tunaacha ziada. Basi acheni masaa matatu, na mtuandikie mapema tuje kuwapokea.