Kutoka Kwanza Mpaka Jangwa la Turkana

Mkulima wa Kwanza, aliyezoea kuona mahindi pande zote, haamini upesi kwamba jangwa li karibu naye. Walakini aondokaye Kitale asubuhi kwa njia ya Kapenguria, kabla ya adhuhuri amekwisha kuiacha nchi ya mvua. Njia hupita Marich, milima ya Cherangani ikiwa upande wa kuume, kisha hushuka. Kitale i juu ya bahari yapata mita 1,900; Lodwar haizidi 550. Joto la huko humpokea msafiri kama mdomo wa tanuri.

Wengi hudhani jangwa ni mchanga mtupu usio na kiumbe. Sivyo. Huko Nasolot, kati ya mawe na migunga, tuliona digidigi wamesimama wawili wawili, dume na jike, miguu yao myembamba kama vijiti. Mnyama huyu aweza kukaa siku nyingi sana bila kunywa. Unyevu wa majani na umande wamtosha, na pua yake ndefu huipoza damu apumuapo. Kwangu mimi jambo hili lastaajabisha kuliko nguvu za simba. Tembo hana hila hiyo. Yeye sharti anywe, na kwa hiyo nyayo zake hufuata mto Turkwel, baina ya Nasolot na hifadhi ya Turkana Kusini. (Wizi wa mifugo umewaua watu wengi katika njia ya Kainuk, msafiri na aulize habari kabla ya kuondoka.)

Hata tulipofika Lodwar, tuliona mikoma mirefu kando ya mto. Matunda yake huliwa na watu na nyani, na majani husukwa vikapu. Mvua ya mwaka mzima pale ni haba mno, basi miti hii yaishi kwa nini? Yaishi kwa maji yatokayo kwetu. Turkwel ndio Suam ule ule, uzaliwao juu ya Mlima Elgon na kupita mpakani mwa Uganda, jirani na mashamba yetu. Tangu 1991 maji yake hukusanywa katika bwawa la umeme, na mafuriko yaliyokuwa yakinywesha msitu wa kingoni hayaji kama zamani. Nasi huku juu tukilima mpaka ukingoni, udongo hushuka na mvua, na bwawa ndilo liupokealo.

Maji yanayosalia hupita chini ya daraja la Lodwar, wakayanywa ngamia na mbuzi, kisha huingia Ziwa Turkana, waliko mamba wa Kisiwa cha Kati.