Safari ya Luxor: mfalme, malkia na mguu wa bibi

Niko Naif, ndugu zangu wote wa Tanga, Pangani na Dar! Wengi mmeniuliza kwenye simu kuhusu ile safari ya Misri, na kila mmoja namsimulia nusu nusu kwa sababu ya zamu za usiku. Leo sina zamu, nguo nimeshafua, basi kaeni niwahadithie yote kwa mpigo.

Kwa wasiojua, Naif ni mtaa wa zamani wa Deira, hapa Dubai. Si ile Dubai ya kwenye kalenda. Huku ni maduka ya jumla, mizigo ya kwenda Afrika, Wahindi, Wasomali, Wahabeshi, na ngome ya mwaka 1939 ambayo mwaka 1956 ikawa makao ya kwanza ya polisi wa Dubai. Ukitembea kidogo kuelekea Creek unafika soko la viungo, na hapo pua inakumbuka nyumbani: ubani, manemane, karafuu. Wenye maduka wanakwambia ubani huu wa Somalia, ule wa Oman. Huo ubani uwekeni akilini, una kazi yake huko mbele.

Basi, mimi na wenzangu wawili wa wodini, mmoja Mfilipino na mwingine wa Kerala, India, tulichanga, tukapata likizo ya siku nne, tukaruka hadi Cairo na kuunganisha ndege ya Luxor. Siku ya mahekalu yenyewe ni moja tu. Saa kumi na mbili asubuhi gari likatuchukua hotelini, abiria kumi na wawili pamoja na mwongoza watalii, kijana mcheshi wa Kimisri. Jamani, kwetu ukimwita mtu firauni umetafuta ugomvi. Kule Mafirauni ndio wanaolisha watoto wa watu!

Tulianzia ng'ambo ya magharibi ya mto Nile. Kuna sanamu mbili za mfalme Amenhotep wa Tatu, zimekaa shambani kama wazee wanaongoja basi, kila moja ina urefu wa kama meta 18. Tukapiga picha, tukaenda Deir el-Bahari, kwenye hekalu la Hatshepsut. Hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Hatshepsut alikuwa mwanamke aliyetawala kama Firauni, karibu miaka 3,500 iliyopita. Kwenye sanamu anavaa ndevu za bandia, kwa sababu Firauni lazima awe na ndevu. Hekalu lake limejengwa kwa ngazi tatu chini ya jabali refu la rangi ya mchanga. Ukutani amechora safari aliyoituma nchi ya Punt. Merikebu tano. Nyumba za duara juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Samaki wa Bahari ya Shamu wamechorwa vizuri mpaka unaweza kuwatambua. Halafu mizigo: ubani na manemane, dhahabu, pembe za ndovu, mpingo, ngozi za chui, nyani, na miti ya ubani iliyong'olewa na mizizi yake ikabebwa ndani ya vikapu. Wataalamu wengi wanasema Punt ilikuwa upande wa Pembe ya Afrika. Mwaka 2020 watafiti walichapisha vipimo vya nyani waliokaushwa na Wamisri wa kale, na majibu yakaelekeza upande wa Eritrea, Ethiopia na Somalia. Kwa hiyo ule ubani wa dukani hapa Naif una ndugu zake ukutani kule Luxor. Nilijiona kama nimekutana na watu wa kwetu.

Furaha hiyo haikudumu. Mwongozaji akatoa picha kwenye faili lake. Ni mchoro wa mfalme wa Punt, Parahu, na mkewe Ati, kutoka hekalu hilohilo, na jiwe lenyewe sasa liko makumbusho ya Cairo. Parahu ni mwembamba. Ati ni mnene kwa namna isiyo ya kawaida: mapaja, mikono na mgongo vimejaa na kukunjana. Nyuma yao kuna punda mdogo, na maandishi yanasema huyo ndiye anayembeba malkia. Mwongozaji akasema, "Muonee huruma punda!" Gari zima likacheka. Nadhani huwa anautoa utani huo kila siku.

Mimi sikucheka. Miaka kumi na zaidi wodini, mwili wa namna hiyo nauona kama mgonjwa. Nikamuuliza, "Huyu mama alikuwa na maumivu?" Akanitazama, akasema, "Wewe ndiye nesi, tuambie." Nikawaambia ninachojua, kwamba madaktari wameujadili mchoro huu miaka mingi bila kukubaliana. Wengine wanasema ni unene wa ukoo, maana binti yake naye amechorwa akianza kuwa hivyo. Wengine ugonjwa wa mafuta mwilini. Wengine matende.

Niliposema matende, yule mwenzangu wa Kerala akasema polepole kwamba kwao pia yapo, na mjomba wake alikuwa nayo.

Sasa sikieni. Pembeni ya hekalu la Hatshepsut kuna magofu ya hekalu la Mentuhotep wa Pili, mfalme aliyeiunganisha Misri miaka kama 500 kabla yake. Sanamu yake iligunduliwa hapo baada ya farasi wa Howard Carter kukanyaga shimo. Mwongozaji alituonyesha picha yake pia. Jamani, miguu! Minene kama magogo, na wapo madaktari waliodhani ni matende. Nikauliza mbona miguu hii haichekeshi. Akajibu, "Ile ni ishara ya nguvu za mfalme." Wasomi wengine wanakubaliana naye. Sawa. Lakini mguu mnene wa mfalme ni nguvu, na mguu mnene wa mwanamke mgeni ni kichekesho cha punda?

Mchana tulikwenda Karnak, nguzo 134 kwenye ukumbi mmoja, na mnara wa Hatshepsut wa jiwe moja, karibu meta 30, bado umesimama. Pazuri mno, lakini mawazo yangu yalikuwa Pangani.

Mnamkumbuka bibi alivyokaa barazani na kanga ya pili juu ya mguu, hata wakati wa joto. Hakwenda harusini. Watoto wa mtaani walimwita tembo, na watu wazima walinyamaza. Aliambiwa amekanyaga uchawi. Kumbe ni minyoo inayoletwa na mbu, inakaa kwenye mishipa ya maji ya mwili na kuiharibu. Mpango wa taifa wa kugawa dawa ulianza Mafia mwaka 2000, na Zanzibar ikaanza mwaka 2001. Kwa bibi walikuwa wamechelewa.

Shangazi, haya mengine ni yako. Nimesikia mguu wako umeanza kuvimba na umeanza kuuficha. Usiufiche. Nenda hospitali wakupime, maana miguu huvimba kwa sababu nyingi. Kama ni matende, dawa inaua minyoo midogo, lakini mguu wenyewe unatunzwa kwa mikono: uoshe kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushe vizuri mpaka katikati ya vidole, tibu kila kidonda hata kidogo, uinue ukikaa na ukilala, uchezeshe kifundo. Na watoa dawa wakipita mtaani, wote nyumbani mnaoruhusiwa mmeze, hata mliye wazima.

Nauli ya hospitali nimemtumia mdogo wangu, atakuja kukuchukua Jumatatu. Vaa kanga moja tu.