Geti Linapoanza Kulia

Geti la kusukuma huanza kwa kulia, miezi kabla halijamwangukia mtu. Katika nyumba moja ya Magamba, Mpanda, watoto walikuwa wameshaujua mlio huo: geti likilia, baba karudi, televisheni izimwe. Mama yao hakuona cha kuchekesha. "Baba, hili geti litatuulia mtoto," alimwambia mumewe. Mume akachukua oili chafu ya gari, akaimwaga kwenye reli. Kelele ikaisha siku mbili tu. Vumbi la kiangazi likaganda kwenye ile oili, ikawa kama msasa unaosaga magurudumu kila geti linaposukumwa.

Fundi wa kuchomelea alipoitwa hakuhitaji muda mrefu. "Mzee, hapa si suala la oili. Beringi zimekwisha." Akaonyesha gurudumu lililolika upande mmoja, ndiyo maana geti lilikuwa linainama. Juu, kati ya roli mbili zinazolishika lisiyumbe, ilibaki moja. Lakini kilichomfanya anyamaze kidogo ni mwisho wa reli. Kile kipande cha chuma kinachozuia geti lisipitilize kilikuwa kimeng'oka, mahali pake pamewekwa jiwe. Mtoto wa miaka sita akilisukuma kwa nguvu, geti linatoka kwenye roli na kulala upande aliosimama. Geti la chuma la kupitisha gari laweza kuzidi kilo 100.

Ilikuwa Januari, mwezi wa sare na madaftari. Baba akapendekeza kubadilisha gurudumu moja kwanza. Fundi akakataa: jipya likikaa na lililolika, geti halisimami sawa, na jipya nalo huharibika mapema. Ubishi ukaisha mama aliposema geti lifungwe kwa mnyororo hadi pesa ipatikane. Gari likalala nje, watoto wakapita mlango mdogo.

Kizuizi hakikungoja. Fundi alikichomelea siku hiyohiyo kwa kipande cha chuma chakavu alichokuwa nacho. Ndicho kifaa rahisi kuliko vyote kwenye geti, na ndicho watu husahau kukikagua.

Wenye milango ya kukunja ya maduka, au ile ya kupanda juu ya kuegeshea magari, wana hatari nyingine: springi. Watengenezaji wengi huzipimia kufungua na kufunga kama mara 10,000. Mlango unaofunguliwa mara nne kwa siku hufikia hesabu hiyo kabla ya miaka saba. Springi hiyo hukaa imejikaza muda wote, na ikifyatuka huvunja mkono. Hapo baba wa nyumba aache bisibisi yake kabatini, aitwe fundi anayeijua kazi.

Magurudumu mawili na roli ya juu vilifungwa mwisho wa mwezi. Reli ilifagiliwa mchanga, na grisi ikapakwa kwenye beringi peke yake.