Yule Aliyesimama Njiani

Wakimbiaji wa ridhaa wana mazungumzo yao, na mtu asiyekimbia akiyasikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ameingia wodini. Huyu anaeleza ukucha uliong'oka, yule kano ya kisigino, mwingine tumbo lililomchafuka alipofika kilomita ya 18. Kisha papo hapo wanaulizana: juzi ulikimbia ngapi, na kesho utakimbia ngapi? Nimekaa miongoni mwao hapa Moshi miaka kadhaa tangu nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya umri wangu nimewafundisha watu namna ya kufundisha, nimeshindwa kuyasikiliza mazungumzo hayo kama msikilizaji wa kawaida. Nayasikiliza kwa sikio la mkaguzi aliyeketi nyuma ya darasa.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, karibu na kipilefti cha YMCA. Hatuna kocha. Yumo kijana wa benki, wauguzi wawili, mama mmoja anayeuza mitumba, dereva, fundi cherehani, na mimi ambaye wote huniita Mwalimu, hata wale wasiojua niliwahi kufundisha nini. Wengi hujiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003 na ambazo hutufikia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mtu huanza na kilomita 5 za kujifurahisha, akapanda hadi 21, halafu siku moja, bila kulazimishwa na yeyote, hutamka ile 42. Akishaitamka, hana amani tena.

Niseme wazi kwamba mengi wanayofundishana ni mema, na yanafundishwa vizuri kuliko nilivyoona katika madarasa mengi. Mgeni akija kwetu na kuanza kwa kasi, yule mama wa mitumba humwendea ubavuni na kumwambia, "Mwanangu, nisimulie ulichokula jana." Mgeni akishindwa kusimulia kwa sababu ya kuhema, amejua mwenyewe kwamba anakimbia mno. Hakuna kifaa cha kununua hapo. Muuguzi mmoja ndiye aliyetueleza kwa nini watu huvunjika nguvu karibu na kilomita ya 30: ile sukari ambayo mwili huiweka akiba katika misuli na ini huwa imekaribia kwisha, na asiyekula chochote njiani hukuta miguu imegeuka magogo. Ndiye pia aliyewakataza wenzetu kunywa maji bila kipimo. Maji yakizidi mno huizimua chumvi ya damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji.

Tena mwalimu bora wa jambo hili si bingwa. Ni yule aliyekutangulia hatua moja, kwa sababu bado anakumbuka alipokwama. Bingwa amekwisha kusahau kwamba kilomita ya nane iliwahi kuwa mbali.

Lakini ilinichukua muda kugundua kasoro moja. Majeraha yanayosimuliwa katika kikundi aghalabu ni yale yaliyokwisha kupona. Mtu huleta kidonda chake baada ya kukishinda, nacho hupokewa kwa vicheko na makofi, kama askari anayeonyesha kovu. Kidonda cha leo, kinachouma sasa hivi, hakuna anayekitaja. Chuoni nililiona jambo hilohilo kwa walimu wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja alikuwa tayari kueleza namna darasa lilivyomshinda mwezi uliopita na alivyolituliza. Kwamba limemshinda asubuhi ya leo, hilo utalijua kwa kumwona amekaa peke yake nyuma ya bweni.

Fundi cherehani wetu alipata maumivu ya muundi mwezi Desemba, mwaka aliokusudia kukimbia 42 yake ya kwanza. Hayakuwa yale maumivu yanayotapakaa mguu mzima baada ya mazoezi mapya. Yalikuwa mahali pamoja, pa kufunikwa kwa ncha ya kidole, na usiku yalimwamsha. Hayo yote tuliyajua baadaye. Kwetu aliripoti kilomita tu: 18, 22, 26. Tukampigia makofi. Mfupa unapopigishwa kazi kuliko ulivyozoea hujijenga upya, lakini kazi hiyo huenda polepole, na ukizidi kuupiga kabla haujamaliza, hufanya ufa mdogo ambao mwanzoni hata eksrei inaweza isiuone. Ukipumzishwa wiki sita au nane, kwa kawaida hupona. Yeye hakuupumzisha. Jumamosi moja ya Januari, tukishuka kutoka upande wa Mweka, ule ufa ukawa mvunjiko kamili, na tulimbeba hadi barabarani kutafuta gari.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa na fundi wa mtaani afikirie Januari ni mwezi gani kwake. Shule zinafunguliwa. Wazazi wamekwisha kulipa nusu ya fedha za sare, na mashine yake ni ya kukanyaga kwa mguu. Alikwenda nyumbani na plasta ngumu na magongo mawili, vitambaa vya watu vimejaa mezani. Mkewe na jirani walishona usiku na mchana, na bado wateja wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao. Tulichanga, ndiyo. Michango haikufika hata robo ya alichopoteza.

Nilipokwenda kumwona nilimuuliza kwa upole kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mwalimu, ningesema, wangeniambia habari za Akhwari."

Alikuwa na haki. Kila kikundi cha wakimbiaji nchini humwita John Stephen Akhwari mtu anapotaka kuacha. Mwaka 1968 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na najua jina hilo lina uzito gani kwa watu wa rika langu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Akhwari alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea, na akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Sina neno la kupunguza heshima ya jambo lile. Ninacholalamikia ni matumizi yake. Akhwari alivaa jezi ya taifa changa, katika mbio zinazokuja mara moja kwa miaka minne. Kumtaja kwa mtu anayechechemea Jumamosi asubuhi, mwenye watoto watano na oda za sare, ni kuichukua dawa ya mgonjwa mmoja na kumnywesha kila anayepita.

Na kuna jambo ambalo ni nadra sana kusimuliwa. Katika mbio zilezile, siku ileile, alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia. Alikuwa ameshinda Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku, kisha akashinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake. Alifika Mexico akiwa na mguu mbovu, na kabla ya kufika nusu ya njia alisimama, akatoka. Mwenzake Mamo Wolde akaendelea na kushinda. Hivyo barabara moja ilibeba watu wawili wenye miguu mibovu. Mmoja alimaliza na mwingine akaacha, na aliyeacha alikuwa bingwa mkubwa kuliko wote waliokuwapo. Sijasikia mtu akimwita Bikila mwoga.

Nilikisimulia kikundi kisa hicho. Baadhi walinung'unika, dereva alisema wazee tunapenda kuwatia vijana uvivu. Hata hivyo tukakubaliana kwamba kila Jumamosi, kabla ya mtu yeyote kutaja kilomita zake, tuzunguke tukitaja kinachouma leo. Wiki za mwanzo kila mtu alisema yuko salama, kama darasa lililoulizwa kama limeelewa. Fundi ndiye aliyefungua mlango aliporudi kwetu miezi mingi baadaye, akitembea tu. Alisema mguu wake unamtisha kila anapokanyaga jiwe. Watu walinyamaza. Wiki iliyofuata mama wa mitumba alitaja nyonga yake, aliyokuwa ameificha tangu Pasaka.

Mwaka huu zamu ilimfikia kijana wa benki. Zikiwa zimebaki wiki saba, alisema muundi unamuuma mahali pamoja, naye alishalipa ada na kuwatangazia ofisini. Dereva akaanza, "Lakini Akhwari..." na fundi akamkatiza kwa neno moja: "Bikila." Wauguzi wakampeleka kijana kwa daktari, naye akamzuia kukimbia. Kijana hakutufurahia hata kidogo. Kwa wiki mbili shikamoo yake kwangu ilikuwa ya kulazimishwa.

Siku ya mbio tulisimama naye kwenye barabara ya Mweka tukigawa maji na ndizi. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba mguu haumuumi tena na kwamba pengine ungehimili. Nikamjibu kwamba kweli, huenda ungehimili. Akatikisa kichwa, akainama kufungua katoni nyingine, maana watu wa 42 walikuwa wameanza kutokea chini ya kilima.