Wosia kwa Vijana Wetu Wanaokwenda Buyenzi

Wanangu wa kwaya, wa maombi na wa uinjilisti,

Mzee wenu nimestaafu uchungaji, na magoti hayanifikishi tena Buyenzi kwa miguu. Nasikia mmepanga mkutano wa injili mtaani humo na spika mmekwisha kuzikodi. Siwazuii kuhubiri. Nimehubiri maisha yangu yote na ningali naamini kwamba Habari Njema ni ya kila mtu, Mwislamu naye. Lakini yapo ambayo nisipowaambia leo nitakuwa nimewadhulumu.

Kwanza ijueni Buyenzi. Ni mtaa wa gereji na misikiti, mtaa ambao Wabelgiji waliutenga kwa watu waliowaita Waswahili. Rais Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, mji huu wa Bujumbura ulikatika vipande. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu. Ngagara, Nyakabiga na Musaga zikawa za Watutsi. Nyinyi wengi mlikuwa hamjazaliwa, na wazazi wenu hawapendi kuyasimulia. Buyenzi iliendelea kuishi na watu wa kila kabila. Msije mkadhani hawakuonja: Machi 1995 mauaji yaliingia Bwiza na Buyenzi, watu wakafa, wengine wakakimbilia Zaire. Hata hivyo Waislamu wengi waliwafungulia milango waliokuwa wanawindwa, bila kuuliza kabila wala dini.

Na sisi je? Wakristo ndio wengi katika Burundi hii. Waliokata na waliokatwa walikuwa wamebatizwa, mara nyingi katika kanisa lile lile. Ninaposema hivi nawakumbuka vijana 40 wa seminari ndogo ya Buta. Tarehe 30 Aprili 1997 waliamriwa wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa, wakauawa pamoja. Mimi si Mkatoliki, lakini nawaambia kwamba katika nchi hii sijaona mahubiri makubwa kuliko hayo. Huzuni yangu ni kwamba wao walikuwa 40, na waliokubali kujitenga walikuwa maelfu. Mtu mzima wa Buyenzi anayajua yote haya. Ukimsimamia kwenye kona ya barabara kumfundisha upendo wa Wakristo, unaongea na shahidi.

Yupo fundi mmoja wa gereji, jirani yangu wa miaka mingi, Mwislamu aliyeisoma Biblia kuwapita baadhi ya mashemasi wetu. Siku moja aliniuliza akiwa chini ya gari, mafuta machafu yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko: "Pasta, tuseme Jumapili nimekufuata, ukanibatiza. Nikihamia kwa Wapentekoste, watanikubali au watanizamisha upya? Kwa Wakatoliki nitakaribishwa mezani? Na Wasabato si wataniambia nimekosea siku?" Hakuwa anadhihaki. Alikuwa anauliza kama mtu anayepima jambo zito, na tangu siku hiyo swali lake halijaniondoka.

Mgawanyiko huu wa makanisa tumeurithi, wala hatukuutengeneza peke yetu. Misheni za Kiprotestanti ziligawana vilima vya Burundi: Marafiki (Quakers) wakaanza Kibimba mwaka 1934, Waanglikana wakaja Buhiga na Matana, Wamethodisti Huru wakashika Muyebe, Wabatisti kutoka Denmark walikuwa wametangulia Musema. Mgawo ule ulizuia ugomvi wa siku zile, lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa Matana alikuwa Mwanglikana kwa sababu ya kilima alichozaliwa. Vizazi vilivyofuata vikaja kuyapigania majina hayo kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni. Kisha yakaja makanisa mengine mengi, na sasa mtaa mmoja unaweza kuwa na spika nne zinazoshindana Jumapili ile ile.

Wapo waliojaribu kuungana kabla yetu. Juni 1913, wamisionari wa Afrika Mashariki walikutana Kikuyu, Kenya, wakapanga shirikisho la makanisa yao. Hofu ya Uislamu kuenea ilikuwa moja ya sababu zilizowakutanisha. Walimaliza kwa kushiriki meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wenzake, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, kwamba wameasi imani. Ugomvi ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Weston alikuwa mtu mcha Mungu na mtetezi wa Waafrika, kwa hiyo simdharau. Ila mimi nasimama na wale wa Kikuyu katika kushiriki meza moja, na siko nao katika ile hofu. Umoja wa kumwogopa jirani si ule ambao Bwana aliuombea katika Yohana 17. Yeye aliomba tuwe wamoja ili ulimwengu uamini, na jirani Mwislamu yumo katika ulimwengu huo.

Basi mkienda, nendeni na adabu. Msiweke spika mlangoni mwa msikiti saa ya swala ya Ijumaa. Msimtukane Mtume wao, wala msimpandishe jukwaani mtu kwa sababu tu zamani alikuwa shehe. Msitoe ada ya shule au gunia la mchele kwa sharti la kubatizwa. Maskini mpeni kwa kuwa ni maskini. Wakitaka na wao kuwaeleza dini yao, kaeni msikilize, maana haki mnayoidai ni yao pia. Mapadri Weupe waliofika Rumonge mwaka 1879 walikuwa wameagizwa na Askofu Mkuu Lavigerie wajifunze lugha ya watu na kula chakula chao. Watatu wa misheni ile waliuawa huko Mei 1881. Waliijua gharama, wala hawakwenda kutafuta makofi.

Lakini kabla ya hayo yote, rudisheni zile spika. Wiki hii nendeni kwa padri wa parokia, kwa Waanglikana, kwa Marafiki, kwa Wamethodisti, kwa Wapentekoste na kwa Wasabato. Waombeni wakae pamoja na wachungaji wenu, waandike na kutia sahihi kwamba atakayeamini Buyenzi hatagombaniwa, na kwamba ubatizo wake hautadharauliwa na yeyote. Wakikataa, rudini tena wiki ijayo. Wakikubali, mpelekeeni yule fundi jibu lake, na mwambieni nimewatuma mimi.